Tarakimu Ishirini na Tano

Borås, 9 Februari 1957

Baba na Mama,

Nawasalimu sana kutoka mbali. Sisi ni wazima. Najua mmekaa miezi miwili na nusu bila neno lolote, basi neno lenyewe ndilo hili: ni wazima. Tulivuka mpaka mwishoni mwa Novemba, nikakaa kambini Austria hadi Januari, kisha tukaletwa Sweden kwa treni. Huu ni mji wa viwanda vya nguo. Nimepewa mashine sita za kusokota nyuzi nizisimamie. Theluji ni nyingi, lakini chumba kina joto.

Kaka Lőrinc amepata kazi ya kukata miti kaskazini. Ni mbali, anakuja Jumapili moja moja tu, na vidole vyake vimekakamaa kwa shoka. Kwa hiyo mimi ndiye nitakayekuwa naandika kwa ajili yetu wote wawili. Naye ni mzima. Mama asiwe na wasiwasi, moyo wake upumzike. Sote ni wazima.

Wanenu,
Etelka na Lőrinc


Makó, Hungaria, 3 Machi 1957

Mwanangu Etelka,

Barua yako imefika jana. Nasi hapa hatujambo, isipokuwa mama yako, ambaye daktari amemkataza ngazi, ndoo na habari za ghafla. Nilimsomea barua akiwa kitandani. Akaniambia nisome tena pale paliposema kaka yako ni mzima, nikasoma. Akaniambia tena. Mwishowe akaichukua, akaiweka chini ya mto, kwa hiyo nakujibu bila kuiona.

Shuleni wananiacha nifundishe. Vitunguu mwaka huu vimeoza ghalani kwa sababu hakukuwa na mtu wa kuvigeuza.

Sasa lile jambo letu mimi na Lőrinc. Wewe hukuwahi kutusikiliza mezani, ulikuwa unaziba masikio, basi nakueleza polepole ili umfikishie. Tunatafuta namba ndefu kuliko zote yenye tabia moja. Tarakimu mbili zake za mwanzo zigawanyike kwa mbili, tatu za mwanzo kwa tatu, nne za mwanzo kwa nne, hivyo hivyo mpaka mwisho, bila kubakiza kitu. Chukua 72045. Sabini na mbili kwa mbili, inakubali. 720 kwa tatu, inakubali. 7204 kwa nne, inakubali. 72045 kwa tano, inakubali, kwa kuwa tarakimu ya tano siku zote ni sifuri au tano. Unaendelea kuongeza tarakimu moja moja kulia mpaka namba ikatae.

Mwanzoni kuna njia nyingi. Tumezihesabu: zinazofika tarakimu ya kumi zikiwa hai ni 2,492. Kutoka hapo huchagui tena. Ama iko tarakimu moja inayokubali, ama hakuna, na njia imeisha. Mimi nilichukua zinazoanza na moja na mbili. Zinazoanza na tatu ni za Lőrinc, ziko kwenye daftari lake la kijani. Muulize kama analo bado, na kama Jumapili anapata nafasi.

Mama yako anasema asifanye hesabu kwenye mwanga hafifu.

Baba yako,
Dezső


Borås, 28 Aprili 1957

Baba mpendwa,

Habari za huko? Mama anaendeleaje na ngazi? Kwetu theluji imeanza kuyeyuka na njia zote ni matope. Mimi sijambo.

Daftari analo. Alikuja Jumapili ya Pasaka, akakaa siku nzima jikoni akigawanya. Nimenakili kazi yake kwenye karatasi nne nilizokunjia humu, kwa mwandiko wangu, kwa sababu ya vidole vyake. Njia arobaini na mbili zinazoanza na tatu zimejaribiwa. Iliyofika mbali zaidi ina tarakimu kumi na saba. Anasema ataendelea.

Mwambie Mama kwamba mwanga ni wa umeme na ni mkali.

Wanenu,
Etelka na Lőrinc


Makó, 16 Juni 1957

Etelka mwanangu,

Natumaini umeamka salama siku utakayoipata hii. Hapa joto limeingia. Mama yako anakaa uani chini ya mzabibu na kusuka mafungu ya vitunguu, ingawa hakuna aliyemwambia afanye hivyo.

Karatasi nne zimefika. Nimezipitia zote kwa kalamu nyekundu kama kazi ya mwanafunzi. Ziko sawa, isipokuwa njia ya ishirini na sita, ambayo mlisema inakufa kwenye kumi na nne na kumbe inafika kumi na tano. Si kitu.

Mwambie Lőrinc kwamba nami nimepata moja ya kwangu, ndefu kuliko yake. Ina tarakimu kumi na tisa: 1472836540962018476. Nataka kusikia atasema nini.

Baba yako,
Dezső


Borås, 21 Julai 1957

Baba mpendwa,

Salamu kwako na kwa Mama. Mimi mzima. Tumepewa likizo ya wiki mbili kiwandani na wenzangu wameenda ziwani.

Lőrinc amefurahi sana kwa namba yako. Anasema hongera, umemshinda, na kwamba atajitahidi. Naambatisha karatasi nyingine sita.

Wanenu,
Etelka na Lőrinc


Makó, 27 Oktoba 1957

Mwanangu,

Usishangae kimya cha miezi mitatu. Sisi ni wazima, mama yako kwa kadiri yake. Barua yako ya Julai ilikaa mahali fulani, kisha mimi nikaitwa mahali hapo hapo niende kuieleza.

Kulikuwa na bwana mmoja mwenye miwani, karatasi zako sita ziko mbele yake, amezipigia mistari ya bluu.

Akaniuliza, "Hizi ni nini?"

Nikamwambia, "Ni namba za kugawanya."

"Nani anagawana na nani?"

"Hakuna anayegawana. Zinagawanywa zenyewe."

"Kwa amri ya nani?"

Nikaomba penseli. Nikamwandikia kanuni, nikamwambia aanze na tarakimu yoyote anayoipenda. Akachagua nane. Tukaenda pamoja, nane, themanini na nne, mia nane arobaini na sita, mpaka akafika tarakimu ya kumi na moja, namba ikakataa. Akajaribu tarakimu zote kumi, moja baada ya nyingine, akitumia kidole kuhesabu.

"Hakuna inayoingia," akasema.

"Ndiyo. Hiyo imekufa."

"Sasa nifanye nini?"

"Unarudi nyuma na kuanza upya."

Akaniuliza, "Mwalimu Vadas, mtu mzima na akili zake anafanya hivi kwa faida gani?"

Nikamwambia hakuna faida. Nadhani hilo ndilo alilolisadiki. Amenirudishia karatasi zote, na kama bado anasoma barua zetu, namsalimu na kumwambia kwamba ile ya nane angeanza na 80 ingemfikisha mbali zaidi.

Nimemaliza zote za moja na mbili, na sasa nashika kuanzia nne. Mama yako anaomba picha. Amesema ya nyote wawili, lakini hasa ya Lőrinc, aone kama amekonda.

Baba yako,
Dezső


Borås, 12 Januari 1958

Baba, Mama,

Heri ya mwaka mpya, ingawa imechelewa. Hatujambo. Picha haijapatikana, huko kambini kwa wakata miti hakuna mpiga picha, na akija huku, studio imefungwa kwa kuwa ni Jumapili. Naambatisha yangu peke yangu. Koti si langu, nimeazimwa.

Baba, zile za tatu zimekwisha. Zote. Ya mwisho ilimalizika Jumapili iliyopita saa nane mchana. Moja imepita nyingine zote. Nimeirudia mara tano kwa sababu sikuamini ninachokiona. Ina tarakimu ishirini na tano:

3608528850368400786036725

Lőrinc anakusalimu na anaomba uihakiki.

Wanenu,
Etelka na Lőrinc


Makó, 9 Februari 1958

Etelka wangu,

Afya zetu ni zile zile. Picha imefika, umekonda wewe.

Nimeihakiki. Nilianza Jumatatu baada ya vipindi, nikamaliza Jumatano. Kwa saba inakubali, kwa kumi na moja inakubali, kwa kumi na tatu, kwa kumi na saba, kwa kumi na tisa, kwa ishirini na tatu, zote bila baki hata moja. Kwa ishirini na sita inakataa. Nimejaribu tarakimu zote kumi. Za kwangu zinazoanza na nne hadi tisa nilizimaliza wiki ya Krismasi na hakuna iliyofika hapo. Kwa hiyo hiyo ndiyo ndefu kuliko zote, na iko peke yake. Hata mtu akitafuta miaka mia hatapata ya ishirini na sita, kwa sababu haipo.

Nilimsomea mama yako. Alitaka kuisikia yote, tarakimu moja moja, nami nikaisoma polepole, yeye macho amefumba.

Nilipomaliza akaniuliza, "Ni ya kazi gani?"

Nikamwambia, "Si ya kazi yoyote."

"Haiuzwi? Haijengi kitu?"

"Haijengi kitu."

Kisha akasema, "Kama mtoto ana muda wa kushughulika na jambo lisilo na kazi, basi anakula na analala." Akageukia ukutani akasinzia. Ni siku nyingi hajasinzia mchana.

Baba yako,
Dezső


Makó, 20 Mei 1958

Mwanangu Etelka,

Kaa chini kwanza kabla hujaendelea.

Mama yako amefariki tarehe kumi na moja, asubuhi, nikiwa namchemshia maziwa. Hakuita. Nilirudi na kikombe nikamkuta. Tumemzika karibu na wazazi wake. Walikuja watu wengi, mvua haikunyesha. Mimi ni mzima. Nakula kwa jirani jioni, na mchana shuleni.

Sasa yeye hayupo tena, na moyo wake hauwezi kudhurika na habari. Kwa hiyo niandikie Lőrinc alikufaje.

Nimejua muda mrefu. Barua yako ya kwanza ilisema mara nne kwamba ni wazima, nikaingiwa na baridi, lakini nikajiambia ni uchovu wa safari. Kisha zikaja zile karatasi nne. Kaka yako tangu darasa la tatu hagawanyi namba kwa kumi na mbili. Anatazama tarakimu mbili za mwisho, anajumlisha zote kichwani, amemaliza. Kwenye karatasi zako kila namba imegawanywa kwa urefu wake wote, mstari baada ya mstari, kama mtu anayechota kisima kwa kijiko. Ule haukuwa mkono wake.

Bado nilitaka kuhakikisha. Ndiyo maana nikakuletea ile ya uongo yenye tarakimu kumi na tisa. Tarakimu yake ya tano ilikuwa nane. Hata yule bwana wa miwani angeiona. Lőrinc angenicheka mwaka mzima, angeniandikia kwa mguu kama mikono ingemshinda. Wewe ukaniandikia kwamba amefurahi na anasema hongera. Niliisoma barua hiyo nikiwa nimesimama kwenye ua wa ile ofisi, nikaikunja, nikaenda nyumbani nikamwambia mama yako kwamba Lőrinc anamsalimu.

Sikukuambia kwamba najua. Mama yako alihitaji salamu hizo kila barua, na mwenye kuzileta alikuwa wewe. Wewe nawe nikaona, ukiwa unagawanya, walau najua uko wapi siku ya Jumapili.

Sina hasira nawe. Sijui nina nini. Niandikie tu.

Baba yako,
Dezső


Borås, 8 Juni 1958

Baba,

Pole kwa Mama. Pole kwetu sote. Nimejaribu kulia kwa ajili yake nikashindwa, nikaenda kazini.

Nakuandikia ilivyokuwa. Tulifika kwenye mfereji wa mpakani alfajiri ya tarehe ishirini na nne Novemba. Daraja lilikuwa limevunjwa. Tulikuwa watu kama kumi na watano, pamoja na mama mmoja mwenye watoto wawili wadogo na mzee mwenye gongo. Maji yalikuwa na barafu pembeni, yanamfika mtu kifuani. Lőrinc alinivusha kwanza. Akarudi kuchukua mtoto mmoja. Akarudi kuchukua wa pili. Akarudi tena kwa ajili ya mzee, nami nikamwita nikamwambia, "Inatosha, njoo." Akasema, "Huyu hana mtu." Alimvusha.

Wenyeji walituingiza kwenye ghala la majani makavu wakaenda kutafuta gari. Nguo zake zilikuwa zimeganda, zinalia kama mbao akitembea. Lakini hakuwa anatetemeka, nikadhani ndiyo dalili nzuri. Alisema ana usingizi. Nikamfunika majani, nikajilaza ubavuni pake, na nikalala, Baba. Nililala mpaka saa sita mchana. Nilipoamka nikamtikisa. Nikamwambia, "Amka, basi limekuja." Nikamtikisa tena.

Daftari lilikuwa ndani ya shati lake. Nililitoa. Mtu mmoja wa Msalaba Mwekundu akanishika mkono, basi lilikuwa linanguruma nje. Nilimtajia jina la Lőrinc lakini hakuelewa lugha yetu, akawa anatikisa kichwa na kunisukuma taratibu. Nikapanda. Sikungoja azikwe. Sijui wamemzika wapi. Hilo ndilo nililokuwa nashindwa kuliandika, zaidi ya kufa kwake.

Tangu siku hiyo sikuhisi kitu. Si njaa, si baridi. Nilipopata barua yako ya kwanza, ukiuliza daftari, nililifungua ili nikuandikie kwamba limepotea. Nikaona amesimama katikati ya mstari. Nikamalizia ule mstari. Jumapili iliyofuata nikafanya mwingine. Sikuwa na nia ya kupata kitu chochote.

Binti yako,
Etelka


Makó, 6 Julai 1958

Mwanangu Etelka,

Nimeipata na nimeisoma yote. Nimeisoma mara moja tu, sitaisoma tena karibuni.

Watu kumi na wanne walivuka. Nitawafikiria hao.

Ulikuwa na miaka kumi na tisa na ulikuwa umelowa. Ulilala kwa sababu mwili ulilala. Ulipanda basi kwa sababu ulisukumwa. Nakuandikia hivi kama baba yako, na nataka uvisome kila utakapotaka kusema vingine.

Mimi siruhusiwi kuvuka kwenda kumtafuta. Wewe, kama wakikupa karatasi za kusafiria, nenda ukawatajie jina lake, waliandike. Ukishindwa, si kosa.

Ile namba nimeipeleka kwenye jarida la hesabu la wanafunzi, nikaandika aliyeipata ni Etelka Vadas. Wamenijibu kwamba jina la mtu aliyetoroka nchi haliwezi kuchapwa. Nikawaambia basi namba yenyewe pia wairudishe. Wameirudisha. Iko kwenye droo pamoja na karatasi zako.

Tangu uondoke nimekuuliza habari za mtu mmoja tu, na wewe sijakuuliza lolote. Unakula nini? Nani amekuazima lile koti?

Baba yako,
Dezső


Borås, 14 Septemba 1958

Baba mpendwa,

Habari za nyumbani? Umerudi shuleni? Mimi sijambo. Nimerudi juzi.

Walinipa karatasi za kusafiria mwezi Agosti, nikaenda kwa treni siku mbili. Kijiji ni kidogo, kanisa moja, mabata barabarani. Makaburini kuna misalaba kumi na mmoja ya watu wetu, mitatu haina majina. Sikujua nisimame kwenye upi. Mwanamke mmoja alikuwa anapalilia karibu, akaniuliza kwa lugha yetu, akiivunjavunja, "Unamtafuta nani?"

Nikamwambia, "Kijana aliyefia ghalani, nguo zimelowa."

Akasimama wima. "Yule mrefu? Yule wa ghala letu?"

"Ndiyo."

"Huyu hapa," akaonyesha msalaba wa pili. Kisha akaniambia, "Mimi ndiye niliyemvisha. Nilimvisha soksi za mume wangu, za sufu, mpya. Mume wangu akasema, maiti anazitakia nini soksi? Nikamwambia, huyu anazitaka."

Nilikaa chini pale pale kwenye majani. Akaniacha. Baadaye akarudi na kopo la rangi nyeusi na brashi, akaniomba nimwandikie jina kwenye kikaratasi ili asikosee. Aliandika LŐRINC VADAS, na mwaka wake wa kuzaliwa, na tarehe. Herufi zimepanda kidogo upande wa kulia, lakini zinasomeka. Akaniuliza mimi ni nani wake, nikamwambia dada yake.

Umeuliza ninakula nini. Kwa kawaida ni mkate na samaki wa chumvi, na viazi Jumapili. Koti ni la Gudrun, tunasimamia mashine jirani. Anataka nimfundishe kupika supu yetu ya samaki, lakini hapa pilipili nyekundu ya unga haipatikani. Kama unaweza, nitumie kidogo.

Yule mwanamke hakuniruhusu niende stesheni bila kula. Alinipa supu ya maharage na mkate. Nilikula nikamaliza sahani. Akaniuliza kama nataka nyingine, na Baba, nilitaka.

Binti yako,
Etelka